Nyumba Isiyoandikika Namba

Bati za nyumba yetu ziliuzwa siku moja, zote kumi na nane, na mnunuzi alikuja kuzichukua kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa mwaka 1997, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, nami nilikuwa na miaka saba. Ninachokumbuka zaidi ni mwanga. Chumba nilichokijua kwa giza lake kikawa na jua mpaka sakafuni. Mama alikifagia. Aliifagia nyumba nzima isiyo na paa, akatafuta kufuli ili afunge mlango, ndipo akakumbuka kwamba mlango nao umeshauzwa.

Baba alikuwa ameachishwa kazi kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi tangu 1994, na katika vurugu za miaka ile kiwanda chake kilizima mashine, kwanza kwa msimu mmoja, kisha moja kwa moja. Akasikia kuna mawe yametoka upande wa Geita. Alitaka kutangulia peke yake, kama waume wengi walivyofanya, awe anatuma fedha. Mama alikataa. Alisema mume akienda machimboni peke yake, aliyebaki nyumbani ndiye anayehesabiwa kuwa mgeni. Wakaenda wote wawili, sisi watoto tukabaki kwa bibi, na tangu siku hiyo kwa miaka kumi na mitatu wazazi wangu hawakuwa na nyumba nyingine zaidi ya ile waliyoweza kuifunga kwa kamba.

Juzi kazini kijana mmoja alinionyesha kwenye simu video ya mke na mume wa Marekani waliouza nyumba yao wakahamia ndani ya gari lenye kitanda, jiko na choo. Wanazunguka nchi nzima, na kila mara wanatuonyesha jinsi walivyopunguza vitu. Nilicheka, kisha nikajikuta navihesabu vya mama: turubai moja, sufuria tatu zinazoingiana, jiko la mkaa, madumu mawili, godoro, sanduku la bati lenye nguo na vyeti vyetu vya kliniki, na kinu. Kuhusu kinu waligombana miaka yote. Baba alisema hakuna mtu anayehama na kinu. Mama alihama nacho.

Turubai lenyewe lilikuwa na herufi za UNHCR. Lilinunuliwa mnadani, na yeyote aliyekuwa Kanda ya Ziwa miaka ile anajua lilikotoka. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka kuingia Ngara kwa mamia ya maelfu. Mwisho wa 1996 wakarudishwa kwao, na vifaa vya kambi vikasambaa masokoni. Hema la watu waliokimbia vita likawa nyumba ya watu waliokimbia bei ya pamba.

Bibi hakuupenda uamuzi ule, na hakuficha. "Mayu," alimwambia mama, "akifa mtu huko mtamzika wapi?" Lakini bibi mwenyewe alikuwa amehamishwa. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na muda ni mpaka mwisho wa 1976. Mkoani Shinyanga operesheni ilifika 1974. Bibi aliondoka kwenye boma lake akiwa amebeba mlango kichwani, akaambiwa ajenge upya kwenye mstari. Na kabla yake, kaka zake babu walikuwa wameshavuka na ng'ombe kwenda Geita, katika miaka ile Waingereza walipokuwa wakiwasukuma Wasukuma kuelekea magharibi kwa madai kwamba ardhi ya Usukuma imechoka na mifugo imezidi. Kwa hiyo watu wanaposema wachimbaji wadogo hawana kwao, mimi huuliza: kwao kupi, kule walikohamishwa na nani?

Mkoa wetu ulikuwa na mfano mwingine wa kuishi kwa madini. Mwadui, ambako John Williamson alipata almasi mwaka 1940, kampuni ilijenga mji kamili: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, uwanja wa ndege. Mgodi wa zamani wa Geita nao, uliofanya kazi kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1966, ulikuwa na watu wake wa ajira. Baba aliisifia Mwadui maisha yake yote kama mtu anayesifia mahari ya dada yake aliyeolewa mbali. Ila nyumba ya kampuni inakwenda na kazi. Kazi ikiisha, unarudisha funguo.

Ya wazazi wangu ilikwenda na mawe. Likizo ya Desemba tulipakiwa kwenye basi mpaka njia panda, kisha juu ya Fuso lenye magunia, na hatukujua tutawakuta wapi mpaka mtu aje kutupokea. Mara Nyarugusu, mara Rwamagasa, mara porini pasipo na jina bado. Turubai lilikuwa limetundikwa juu ya nguzo na fito, kuta zimezungushiwa salfeti, mtaro umechimbwa kuzunguka ili mvua isiingie kitandani. Mbele, mama anauza ugali na maharage. Usiku karasha hazilali. Zinasaga mawe mpaka asubuhi, na vumbi lake jeupe unalikuta kwenye maji ya kunywa. Unga ule hupelekwa mwaloni, ukaoshwa juu ya mbao za mteremko zilizotandikwa magunia ili dhahabu inase; kinachonaswa kinachanganywa na zebaki, kinakamuliwa kwenye kitambaa, kinachomwa. Baba alichomea kwenye jiko la mama. Tulikaa karibu tukitazama kijidonge cha kijivu kikigeuka njano, tukivuta moshi ule, na hakuna mtu mzima aliyetuambia tusogee. Walikuwa hawajaambiwa wao.

Mfumuko, kama wachimbaji wanavyouita, una utaratibu wake. Habari inafika kabla ya dhahabu: dereva, mpiga simu, mganga, yeyote. Anayewahi anapata duara lake. Anayefuata anachimba kwenye duara la mtu. Anayechelewa anauza chakula, maji, betri za tochi. Malipo si mshahara. Mifuko ya mawe hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, na mfuko wako unaweza kuwa na dhahabu au usiwe nayo. Asiye na mshahara hana kinachomfunga. Mwaka 2009 Jesper Bosse Jønsson na Deborah Fahy Bryceson walichapisha utafiti kuhusu uhamaji huu nchini mwetu, na walionyesha kwamba si kutangatanga tu, ni njia ya kazi: mtu anahama, anajifunza, anapanda. Nilipousoma nilimwona baba. Alianza kwa kubeba mifuko. Kambi ya nne alikuwa mtu wa matimba, anayeaminiwa kuweka magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke. Kambi ya tano alikuwa na duara.

Katika kambi zile majirani wengi walitoka Bulyanhulu. Huko wachimbaji wadogo walikuwa wamechimba kwa miaka, mpaka mwisho wa Julai 1996 serikali ilipotangaza waondoke kupisha kampuni ya Kanada. Agosti mashimo yakafukiwa. Mgodi mkubwa ulifunguliwa 2001, mwaka mmoja baada ya ule wa Geita. Kuhusu siku zile za Agosti kuna madai kwamba baadhi ya watu walifukiwa wakiwa hai, na kampuni na serikali wameyakanusha tangu mwanzo. Mimi hunisumbua jambo dogo zaidi: hata idadi ya waliofukuzwa haijulikani. Wako wanaosema makumi ya maelfu, wako wanaosema laki kadhaa. Mji wa watu wengi kiasi hicho, na hesabu zinapishana mara kumi! Inawezekana tu pale ambapo nyumba zote ni za kukunja. Ziking'olewa, hakuna msingi unaobaki ardhini wa kuhesabiwa.

Nililiona hilo kwa macho yangu 2008, kambi ya sita. Eneo lilikuwa linachukuliwa, na wathamini wakaja na rangi nyekundu na daftari. Nyumba za udongo za wenyeji ziliandikwa namba ukutani. Miembe ilihesabiwa, mihogo ilihesabiwa, hata choo cha matofali kiliandikwa. Tangu 1999 sheria zetu za ardhi zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, nami nikiwa kijana wa sekondari nilikuwa nimeyakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani wa Uraia. Kijana mwenye rangi alifika kwetu akapita.

"Mwanangu," mama akamwita, "na yetu?"

Hakuwa na jeuri. Aliligusa turubai kwa vidole viwili. "Mama, hii siyo nyumba. Hii si unaondoka nayo?"

"Naondoka nayo," mama alisema. "Kwenda wapi?"

Alitazama daftari lake kana kwamba jibu lingekuwamo. Kisha akaenda kwenye choo cha jirani.

Usiku ule wazazi wangu walizungumza kwa Kisukuma, polepole, wakidhani tumelala. Baba alisema mawe yapo mengine. Mama alisema amechoka kuwa mtu asiyeandikika namba. Hawakugombana, na ndicho kilichonitisha.

Nyumba ilijengwa Ushirombo mwaka 2010, ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu. Fedha ilitoka kwenye duara la baba na kwenye vyungu vya mama, na mpaka leo kila mmoja anaamini ni ya kwake zaidi. Miaka miwili baadaye, Machi 2012, Wilaya ya Bukombe ilitolewa Shinyanga ikawekwa kwenye mkoa mpya wa Geita. Nyumba pekee waliyoijenga ili isihame ikahamishwa mkoa. Baba alicheka sana. Mama aliuliza kama hati itabadilika.

Kinu kiko uani. Baba alikaa miezi minane, akalima, akafuga kuku, akaamka usiku kusikiliza. Kisha ukatokea mfumuko mahali fulani, akaenda. Peke yake, kwa sababu safari hii kulikuwa na nyumba ya kulindwa. Alirudi baada ya miezi mitano, akaenda tena. Miaka kumi na mitatu walilala chini ya turubai moja, na sasa wana vyumba vitatu na wanaonana kama wafanyabiashara. Kuna mambo mama anasikia kutoka huko, naye haulizi. Niliwahi kumwambia tuuze, waende wote kama zamani. Aliniuliza kama shule ninayofundisha inafundisha hayo.

Mwezi uliopita baba alipiga simu nikiwa pale. Mvua zimeanza, alisema, turubai lake jipya linavuja, lile la zamani lilikuwa zito, lipo? Mama alitazama uani, alikoanika mpunga juu yake, herufi zimefutika zote isipokuwa ile R.

"Lina kazi," akamwambia. "Njoo ulichukue mwenyewe."