Kuni za Mvua: Historia ya Akiba ya Moto Mabira

Mabira, katika wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, haijawahi kuona theluji. Kinachowasukuma watu wa huko kuweka akiba ya kuni ni mvua. Vuli huanza Septemba na kuendelea hadi Desemba. Masika hushika Machi hadi Mei. Katika miezi hiyo ukungu hulala juu ya vilima hadi jua linapopanda, nguo hukataa kukauka, na ukuni uliookotwa asubuhi hutoa moshi mwingi kuliko moto. Maharage makavu, ambayo pamoja na ndizi ndiyo chakula cha kila siku, yanahitaji saa kadhaa za moto usiokatika. Nyumba isiyo na kuni kavu wakati huo hula kwa kuchelewa, au huazima kwa jirani.

Kwa hiyo kazi hufanyika kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Magogo hukatwa vipande, kisha huchanjwa kwa shoka, kwa sababu ukuni uliopasuliwa hukauka haraka kuliko ule uliofunikwa na gome pande zote. Vipande hupangwa juu ya mawe au juu ya magogo mawili ya kulaza, visiguse udongo. Adui wa kwanza ni mchwa, ambao katika nchi hii hawangoji mwaliko. Wa pili ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Kuni huegemezwa ukutani chini ya upenu, upande usiopigwa na mvua, zikiachiwa nafasi ya upepo kupita. Zile za kutumia karibuni huingizwa jikoni na kuwekwa kwenye kichanja juu ya mafiga, ambako joto na moshi hummalizia mpishi kazi ya jua.

Utaratibu huu una hesabu yake. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Ukitiwa motoni, sehemu ya joto lake hupotea katika kuyachemsha maji hayo kabla sufuria haijapata kitu. Ukiachwa ukauke mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20, ukuni uleule huivisha chakula zaidi na kumtoa mpishi machozi machache. Mkulima wa Norwei anayepanga kuni zake kwa ajili ya majira ya baridi hufuata kanuni hiyohiyo: kata mapema, pasua, inua, funika juu, acha pembeni wazi.

Zamani kuni hazikuhitaji ukuta wala upenu wa mabati. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, waliishi kama majirani zao Wahaya katika msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Moto uliwaka ndani. Moshi ulipanda taratibu ukipenya kwenye nyasi, ukafukuza wadudu, ukakausha paa na chochote kilichohifadhiwa juu ya moto: mbegu, ndizi zinazoivishwa kwa ajili ya pombe, na kuni zenyewe. Mahali pa kulala, kupikia na kuwekea akiba palikuwa chini ya paa moja.

Hii ndiyo nchi waliyoikuta wageni wa kwanza kutoka Ulaya. John Hanning Speke alifika kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861. Henry Morton Stanley alifuata mwaka 1876, akaonyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, yenye mikuki na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Nyuma ya chuma hicho palikuwa na miti mingi sana. Ufuaji wa chuma magharibi mwa Ziwa Viktoria ni wa kale mno. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao Buhaya, wakieleza tanuri zilizotumika kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Kila tanuri ililishwa makaa, na makaa hayo yalitokana na miti migumu. Kabla ya kahawa, kabla ya bati na kabla ya shule, mahitaji ya moto yalikwisha kuanza kuibadili misitu ya Kagera.

Wajerumani walipoingia, waliikuta miti ya misitu hiyo, na baadhi yake wakaipa majina yao. Emin Pasha alianzisha kituo cha Bukoba mwezi Novemba 1890. Miaka mitano baadaye, mti mrefu wa misitu ya ukanda huu ulipewa na wataalamu wa mimea jina la Maesopsis eminii, kwa heshima yake. Ni mti unaokua upesi, unaotoa mbao na kuni, na hadi leo unapandwa katika vibanja, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, vya Karagwe na Kyerwa.

Kilichobadili zaidi namna ya kutunza kuni ni kahawa. Wenyeji wa Kagera walikuwa na kahawa tangu kale: walichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna, wakampa mgeni kabla ya mazungumzo. Katika karne ya 20 zao hilo likageuka kuwa la fedha, na fedha ikaleta bati. Nyumba ya bati yenye pembe nne haina nyasi za kunywa moshi, wala haivumilii masizi kwenye kuta zilizopakwa chokaa. Jiko likatolewa nje, likawa kibanda peke yake nyuma ya nyumba. Kuni nazo zikatoka, zikajipanga ukutani ambako kila mpita njia anaziona. Akiba iliyokuwa siri ya ndani ikawa sifa, au aibu, ya kaya nzima.

Wakati huohuo kuni zenyewe zilikuwa zinasogea mbali. Kazi ya kuzitafuta ilikuwa, na kwa sehemu kubwa bado ni, ya wanawake na watoto: kwenda na panga na kamba, kurudi na mtita kichwani juu ya ngata. Pori lilipogeuzwa shamba, safari ilirefuka. Kisha ukaja mwaka 1994. Mauaji ya kimbari na vita vya Rwanda viliwavusha watu wapatao 250,000 katika daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, na wengine wengi waliendelea kuingia. Wengi walikaa Ngara, na Karagwe nayo ikapata kambi zake, zikiwamo Chabalisa na Omukariro. Hawa walikuwa watu waliokimbia kwao, na kila familia ilihitaji kupika. Hadi waliporejea kwao Desemba 1996, vilima vilivyozunguka kambi vilikuwa vimenyolewa. Wenyeji waliokuwa wakikata kuni jirani walijikuta wakitembea mbali zaidi.

Pigo hilo liliharakisha jambo lililokwisha kuanza: kuni zilihama kutoka porini kwenda shambani. Shirika la Vi Agroforestry lilihimiza kilimo mseto cha miti na mazao katika mkoa huu, na kupitia mradi wa Emiti Nibwo Bulora wakulima wa Karagwe na Kyerwa wakaanza kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti yao. Mgrevilea ukapandwa mipakani, mhumula, yaani ule mti wa Emin, katikati ya migomba, omushambya kando ya nyumba. Matawi yanayopogolewa kila mwaka na mibuni mizee inayong'olewa sasa ndiyo kuni. Mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa, na mlango mwingine wa kuni za bure ukafungwa. Ukuni wa leo una mwenyewe.

Hata hivyo haukuacha kuwa wa jamii. Msiba ukitokea, majirani hufika na ndizi, maharage na kuni, kwa sababu waombolezaji watalala na lazima wapikiwe. Rundo la nyumba moja ni akiba ya kijiji kizima katika siku mbaya.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni la haki, hasa kwa wanawake ambao macho na mapafu yao yamelipia moshi kwa vizazi. Karagwe kwenyewe, mashirika ya MAVUNO na CHEMA yamefanyia kazi majiko banifu na majiko ya gesi ya kuni, ambayo huacha mkaa unaoweza kuchanganywa na mboji na kurudishwa shambani. Lakini mtungi wa gesi ukiisha katikati ya masika, barabara ikiwa tope, mama wa Mabira hurudi kwenye rundo lake. Wataalamu wa nishati wanaopita vijijini na majiko mapya waanze kwa kulitazama rundo hilo na kumuuliza aliyelipanga. Na kila kaya yenye kibanja ipande miti ya kuni mwaka huu, na kila Juni ikate iliyokwisha kukua, ipasue kuni, izipange juu ya mawe na kuziacha zikauke kabla ya Septemba, hadi siku ambayo nishati safi itafika kwake bila kukatika.