Madirisha ya nyumba kuukuu: ubadilishaji wake Shirere

Kubadilisha madirisha ya nyumba kuukuu ni kazi ya kuondoa fremu, vioo au vibao vilivyochakaa na kuweka vipya katika uwazi uleule wa ukuta. Makala haya yanaeleza namna mwenye nyumba anavyoweza kuifanya mwenyewe katika Shirere, kata ya eneo bunge la Lurambi iliyo pembezoni mwa mji wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambako maboma ya wakulima na nyumba za kupangisha hukaa bega kwa bega. Mji huo uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi yake ikinyesha alasiri kwa ngurumo na mara nyingine kwa mvua ya mawe. Kwa hiyo adui mkuu wa dirisha hapa ni maji, wala si baridi kama ilivyo Ulaya, na kioo cha tabaka mbili kinachosifiwa huko hakina kazi kubwa Shirere.

Katika nyumba za kata hiyo huonekana vizazi vitatu vya madirisha. Cha kwanza ni dirisha dogo la vibao vya mbao lisilo na kioo, lililotiwa katika nyumba za udongo, ambalo likifungwa huacha chumba gizani mchana kutwa na ambalo mchwa hulifikia kwa urahisi wakipandia ndani ya ukuta. Cha pili ni dirisha la chuma lenye mabawa yanayofunguka nje kwa bawaba na vioo vilivyoshikwa kwa puti, yaani unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya mbegu za kitani hadi ukawa kama donge la unga wa chapati. Mtindo huo una asili yake Braintree, Uingereza, ambako Francis Henry Crittall alianza kutengeneza madirisha ya chuma mwaka 1884. Leo mafundi wa jua kali huyachomelea katika karakana zao kwa kipimo cha mteja. Cha tatu ni dirisha la alumini la kuteleza, linalopendwa kwa sura yake na kwa kutoshika kutu, lakini ambalo hufunguka nusu tu, kwa kuwa bawa moja sharti likae nyuma ya jingine. Anayetoa dirisha la mabawa na kuweka la kuteleza lenye ukubwa uleule hupoteza karibu nusu ya njia ya hewa, na jambo hili halisemwi sana dukani.

Kabla ya kung'oa chochote, inafaa kuchunguza kama dirisha limekufa kweli. Kutu ya dirisha la chuma huanzia karibu kila mara kwenye fremu ya chini, pale puti ilipopasuka na maji yakatuama kati ya kioo na chuma. Ncha ya bisibisi ikikwaruza kutu na kukuta chuma kigumu chini yake, fremu bado ni nzima na inahitaji kusuguliwa, kupakwa rangi ya kuzuia kutu na kutiwa puti mpya. Ikizama au kutoboa, kubadilisha hakuepukiki. Madirisha mengi yanayotupwa kama vyuma chakavu yangeweza kutumika miaka mingi zaidi kwa ukarabati huo wa gharama ndogo. Katika kusugua, rangi ya zamani ilowanishwe kwanza na mtu afunike pua na mdomo, kwa sababu rangi za miaka iliyopita zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru hasa ubongo wa watoto.

Kazi yenyewe hufaa kufanywa kati ya Desemba na Februari, mvua inapopungua, na dirisha moja limalizwe kabla ya jingine kuguswa. Vipimo huchukuliwa mahali patatu kwa upana na patatu kwa urefu, kwa kuwa kuta za zamani ni nadra kunyooka, kisha hufuatwa kipimo kidogo kuliko vyote na kupunguzwa milimita kama 10 ili fremu iingie bila kulazimishwa. Dirisha la chuma hushikwa ukutani kwa masikio, yaani vipande vifupi vya bapa vilivyozikwa katika saruji. Fundi mzoefu hapigani nayo, bali hutoa vioo kwanza, hukata kila upande wa fremu katikati kwa msumeno wa chuma, huvuta vipande kuelekea ndani, ndipo hufukua masikio moja moja kwa tindo na nyundo bila kutikisa linta, yaani boriti fupi inayobeba ukuta juu ya uwazi. Linta isiguswe. Anayetaka kupanua uwazi anaingia katika kazi ya ujenzi inayohitaji mtaalamu na idhini ya kaunti, chini ya Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka 2024 iliyochukua nafasi ya ile ya 1968.

Fremu mpya husimamishwa kwa kabari za mbao, hukaguliwa kwa timazi na pima maji, kisha hupimwa kutoka pembe hadi pembe kwa mishazari. Mishazari miwili isipolingana, bawa halitafunga sawasawa hata likisukumwa namna gani. Masikio hujazwa mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga na kuachwa yakauke kabla ya kabari kutolewa. Kingo ya nje chini ya dirisha ndiyo inayoamua maisha ya dirisha: iinamishwe kuelekea nje, itokeze mbele ya ukuta, na upande wake wa chini uchorwe mfereji mwembamba ambao hukata tone lisirudi ukutani. Kioo hukatwa kikiwa pungufu kwa milimita 3 hivi kwa upana na kwa urefu, na mbebaji akumbuke kwamba kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita mraba. Kioo hulazwa juu ya puti, hushikizwa kwa vibanio, kisha hutiwa puti ya nje kwa mteremko. Baada ya wiki moja au mbili hupakwa rangi ambayo hupanda kidogo juu ya kioo ili kuziba ufa.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Wengi huyaziba wakati wa ukarabati kwa kuogopa mbu, na hofu hiyo ina msingi kwa kuwa magharibi mwa Kenya ni ukanda wa malaria. Lakini jiko la makaa likiwaka katika chumba kisicho na tundu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Dawa ya mbu ni wavu mwembamba juu ya tundu na dirishani, pamoja na kuziba mwanya kati ya ukuta na paa ambamo mbu wengi hupitia, na tundu lenyewe libaki wazi. Nondo za kuzuia wezi nazo zimeokoa mali nyingi, ila zikichomelewa kwenye kila dirisha huwafungia wenye nyumba ndani moto unapozuka mlangoni. Basi mwenye nyumba anayebadilisha madirisha yake aache, katika kila chumba cha kulala, dirisha moja ambalo nondo zake hufunguka kwa ndani, na ufunguo wake ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua.