Maafa ya Tabora yana kalenda: mwongozo wa kaya kujiandaa mapema

Wadau, tukisikia neno maafa wengi wetu tunawaza mambo ya mbali: tsunami tulizoziona kwenye TV, au yale maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, Desemba 3, 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80. Tabora hatuna bahari wala mlima wa kutuporomokea, na bonde la ufa liko kwa wenzetu wa Kigoma. Kwa hiyo tunajiona tuko salama. Hapo ndipo tunapokosea.

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali vilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, kwa majirani zetu wa kaskazini ukishatoka Nzega. Watu zaidi ya 40 walikufa. Wengi wao walikuwa wamelala, nyumba za udongo zikawaangukia. Hakukuwa na mto uliofurika wala tetemeko. Ilikuwa mvua ya usiku mmoja na kuta zilizolowa. Nyumba za namna ile zimejaa Uyui, Sikonge, Kaliua na Igunga.

Ukweli ndio huo: kwetu maafa mengi hayaji kwa kushtukiza, yanakuja kwa kalenda. Tunajua mwezi wa radi na mwezi wa njaa. Swali ni nani amejiandaa kabla.

WAZEE WA MSAFARA WALIJUA

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora, na kipande kilichoogopwa sana kilikuwa Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Tura. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, inapita ukanda huohuo. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuvuka pori lile kwa bahati. Walibeba chakula na kujaza vibuyu kabla ya kuingia, na walikuwa na mbinu inaitwa terekeza: mnakula na kunywa kwanza, mnaondoka mchana, mnatembea mpaka usiku, mnalala pasipo maji, alfajiri mnaamka kuyafuata yaliyo mbele. Yaani kiu ilipangiwa ratiba. Wengi walisafiri kiangazi na kurudi kulima mvua zikikaribia. Sisi tuna simu na utabiri, halafu mvua ya kwanza inatukuta bati limelegea!

KALENDA YENYEWE

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Ukishalijua hilo, mengine yanajipanga:

- Mei hadi Julai: mavuno. Ni miezi ya kuweka akiba. Njaa ya Februari inaamuliwa hapa.
- Agosti hadi Oktoba: kiangazi kikali. Moto wa misitu na mashamba, visima vinakauka, malisho yanaisha.
- Oktoba hadi Desemba: mvua za mwanzo, upepo wa kuezua mapaa, radi.
- Januari hadi Aprili: maji kutuama na mafuriko, kuta kulowa, kipindupindu, na ghala linakaribia tupu.

1. NYUMBA

Kazi hii ifanyike Septemba, kabla mawingu hayajaanza. Kagua mambo manne:

a) Msingi. Kama sehemu ya chini ya ukuta imelika, maji yanapiga hapo. Chimba mfereji wa kuyaelekeza mbali na nyumba.
b) Nyufa. Ufa unaoongezeka upana, au ukuta uliovimba kuelekea nje, ni onyo. Usilaze watoto chumba hicho wakati wa mvua kubwa.
c) Paa. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya imara. Mawe juu ya bati sio dawa, upepo ukija yanageuka silaha.
d) Miti. Tawi kavu juu ya nyumba likatwe kabla ya mvua.

Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo na nyumba ni ya matofali mabichi, kubalianeni mapema mtahamia kwa nani. Jirani mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma ni akiba kama akiba ya mahindi.

2. RADI

Msiichukulie poa. Januari 27, 2025, radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Wengine wanasema radi inatumwa. Sina ugomvi na mtu, ila hata anayeamini hivyo, hizi hatua zinamsaidia:

- Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa 3: hizo ni kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30, ingia ndani ya jengo la kweli au gari lililofungwa. Kibanda cha nyasi sokoni sio kinga.
- Usijikinge chini ya mti. Miembe yetu ya Tabora ni mizuri kwa kivuli cha jua tu.
- Acha mpira, jembe na baiskeli. Wachungaji msikusanyike pamoja, achaneni nafasi.
- Ndani, chomoa TV na chaja, kaa mbali na nyaya za sola na mabomba.
- Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Na hili ni la kukariri: aliyepigwa na radi HANA umeme mwilini. Mguse. Kama hapumui wala hashtuki, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda zahanati. Kuna watu wanaachwa wafe kwa sababu wenzao waliogopa kuwashika.

3. MAJI MENGI

Ardhi yetu ni tambarare, hivyo mara nyingi maji hayaji kwa kishindo, yanatanda na kukaa. Maeneo ya kuangalia ni mbuga ya Wembere na Mto Manonga upande wa Igunga, na mabonde ya Ugalla na Malagarasi upande wa magharibi. Udongo mweusi wa mbuga ni mzuri kwa mpunga, ila nyumba jenga kwenye mwinuko. Waulize wazee maji yalifika wapi mwaka wa El Nino ya 1997/98, usijenge chini ya hapo.

Maji yanayokimbia yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usivuke kwa sababu tu bodaboda aliyetangulia amevuka. Mafuriko yakipungua, choo na kisima vimeshachanganyika: chemsha maji ya kunywa au tumia dawa ya kutibu maji. Mtu akiharisha maji maji, mpe maji ya chumvichumvi ya paketi njiani wakati mnampeleka zahanati, msisubiri asubuhi.

4. NJAA NA UKAME

Tupige hesabu rahisi. Kaya ya watu sita, tukadirie kila mmoja nusu kilo ya nafaka kwa siku. Hiyo ni kilo 3 kwa siku, gunia la kilo 100 linaisha ndani ya siku 33. Kutoka Novemba hadi mwisho wa Aprili ni siku 181 hivi, sawa na kilo 543. Kwa hiyo Oktoba ikiisha, nyumba iwe na magunia matano na nusu. Kabla hujauza mahindi Juni kwa bei ya kutupa, toa kwanza hayo, kumbuka pia utakachokula kuanzia Juni hadi Oktoba, kinachobaki ndio biashara.

Nafaka ikauke vizuri kabla ya kuhifadhiwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Mahindi yenye ukungu usile, na usimpe kuku. Mifuko isiyopitisha hewa inazuia wadudu bila dawa. Na tusidharau chakula cha bibi: michembe, matobolwa na muhogo vimevusha vizazi. Wenye mifugo, tengeni ngitili, eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua na kufunguliwa kiangazi.

5. MOTO

Kiangazi, fyeka nyasi kuzunguka nyumba na ghala, hasa kama paa ni la nyasi. Usichome shamba upepo ukivuma, wala peke yako. Wanaorina asali kwa moto wauzime kabisa kwa maji au mchanga kabla ya kuondoka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya polisi 112. Vijijini gari linaweza kuchelewa, hivyo ndoo za mchanga na majirani ndio zimamoto wa kwanza.

6. BEGI LA DHARURA

Moja kwa kaya, likae karibu na mlango: tochi, kiberiti ndani ya plastiki, redio ndogo, dawa za wanaotumia dawa kila siku, paketi za maji ya chumvichumvi, chumvi, kanga, fedha kidogo na nakala za vitambulisho, vyeti na kadi za kliniki. Vyeti halisi viwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Wewe mtu wa intaneti una kazi ya ziada: skani vyeti vya nyumbani, jitumie kwenye barua pepe yako. Cheti cha kuzaliwa kikilowa, kukipata tena ni safari ndefu.

7. TAARIFA

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa msimu kabla ya Novemba na pia indhari za siku chache. Jua ngazi zake: njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 zipo pia kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Muulize mtendaji wenu wa kijiji nani yumo kwenye kamati. Nyumba ikibomoka, toa taarifa kwake mapema na piga picha kabla ya kusafisha. Ila tusidanganyane, msaada wa maafa sio fidia, hautajenga nyumba yote.

Mama yako kule Sikonge pengine hasomi tovuti ya TMA. Wewe unasoma. Kabla hujainuka kwenye hicho kiti, piga simu nyumbani, uliza maswali matatu: ukuta wa upande wa mvua ukoje? Magunia yamebaki mangapi? Watoto wakikutwa na radi njiani kutoka shule wanaingia nyumba ya nani? Likikosekana jibu moja, hapo ndipo pa kuanzia.