Safu ya Lugha: Tokutei si tokubetsu
Tangu Japani ianzishe viza ya tokutei ginō Aprili 2019, naiona ikifasiriwa "viza ya ujuzi maalumu", na msomaji anadhani wanatafutwa mabingwa. Sivyo. Tokutei ni kitu kilichobainishwa: ujuzi wa sekta zilizotajwa moja moja, kama kuhudumia wazee, kilimo na ujenzi. Cha kipekee huitwa tokubetsu. Kinachotuponza ni "maalumu" yetu, inayobeba maana zote mbili, ingawa kwa asili yake ya Kiarabu ni "kinachojulikana", jirani kabisa wa tokutei. Mimi ningeandika "ujuzi uliobainishwa".

Polisi wa huko wakishamtambua mhalifu, husema tokutei shita. Kinyume chake ni futokutei. Futokutei tasū ni umati usiojulikana nani ni nani, neno la kawaida katika sheria na matangazo yao. Tafadhali, tusilichanganye na bō. Ukisoma bōsho, ujue ni mahali ambapo mwandishi anapafahamu vizuri ila hataki kupataja. Hapo "mahali fulani" inatosha. Kwa futokutei haitoshi. Andika "yeyote" au "wasiojulikana".