Bebras: Mashindano ya Kompyuta Yanayochezwa kwa Mafumbo

Pita barazani baada ya swala ya alasiri, iwe Mji wa Kale au kule Lamu, utawakuta wazee wameinamia bao. Mmoja mkono wake u hewani, hajagusa kete. Anahesabu: nikianza hapa nitaishia pale, nitakula zile, lakini na yeye atanijibu vipi? Mzee huyo huenda hajawahi kushika kompyuta maishani mwake. Hata hivyo, hesabu ile anayoipiga kichwani ndiyo inayopimwa na mashindano ya skuli yaitwayo Bebras, ambayo wazazi wengi wa huku kwetu hawajayasikia.

Bebras ni neno la Kilithuania. Ni jina la mnyama wa nchi za baridi, mfano wa panya mkubwa, ang'ataye miti na kujenga kizuizi mtoni hadi maji yakafanya ziwa. Alichaguliwa kuwa nembo kwa sababu ya bidii yake. Aliyeyaanzisha mashindano haya ni mwanamama, Profesa Valentina Dagienė wa Chuo Kikuu cha Vilnius, na yalifanyika mara ya kwanza nchini Lithuania mwaka 2004. Leo yamefika katika nchi zaidi ya 50, na kila mwaka watoto zaidi ya milioni mbili hushiriki, wengi wao mwezi wa Novemba.

Jambo la kushangaza ni kuwa mtoto hahitaji kujua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Hupewa mafumbo yenye picha na kisa kifupi, kila fumbo likadiriwe kuchukua kama dakika tatu. Ndani ya kisa hicho kuna fikra ya kikompyuta iliyofichwa. Nitatoa mfano wangu mwenyewe, na nitautoa kwenye bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32. Nimeficha kete moja katika shimo moja. Waruhusiwa kuniuliza maswali, nami nitajibu ndiyo au la, basi. Je, kwa uchache wahitaji maswali mangapi ili uwe na hakika ya kuipata? Mtoto asiyefikiri ataanza shimo la kwanza, la pili, la tatu, na akikosa bahati atauliza mara 31. Mwenye akili atauliza: "Iko upande wako?" Papo hapo yamebaki mashimo 16. "Iko safu ya mbele?" Yamebaki 8. "Nusu ya kushoto?" Manne. Kisha mawili, kisha moja. Maswali matano yametosha. Na lau tungeunganisha mabao mawili, yakawa mashimo 64, lingeongezeka swali moja tu. Programu inayotafuta jina katika orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti hutumia ujanja huohuo wa kukata nusu kwa nusu. Mtoto akishaliona hilo kwenye bao, siku atakapofundishwa kodingi hatakutana na kitu kigeni.

Sasa kuhusu alama, maana hapa ndipo penye utamu wa mchezo. Kila nchi ina kanuni zake, lakini utaratibu wa asili ni huu: maswali mepesi yana alama 6, ya wastani 9, magumu 12. Ukikosea, wakatwa theluthi: 2, 3 au 4. Ukiacha bila kujibu, hupati wala hukatwi. Sisi tuliosoma zama za KCPE tulifunzwa kinyume chake. Mwalimu akisimama mlangoni akituusia: usiache swali tupu, weka kalamu popote! Tazama basi hesabu ya Bebras. Swali jepesi lina majibu manne. Ukibahatisha maswali manne kama hayo, kwa wastani utapata moja, yaani alama 6, na utakosa matatu, yaani utakatwa alama 6. Umebaki sifuri. Wa kubahatisha hafaidi chochote, na mtoto hujifunza kusema "hili silijui" bila ya haya. Mimi naliona hilo kuwa zawadi kubwa kuliko cheti.

Kuna mzazi aliyeniambia, "Mwanangu michezo ya simu imemtosha, na nyinyi mwataka kumwongezea skuli?" Sikumlaumu. Ipo michezo ya kodingi ambayo mtoto hufukuzia nyota na zawadi tu, akabofya ovyo mpaka mlango ukafunguka, asijue umefunguka kwa nini. Lakini Bebras ni kama saa moja kwa mwaka na hakuna ngazi za kupanda usiku kucha. Mchezo uko ndani ya fumbo lenyewe, kama kitendawili cha bibi.

Wale wanaotaka kushindana kwa programu zenyewe wana Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, iliyoanza mwaka 1989 huko Pravets, Bulgaria. Kila nchi huruhusiwa kupeleka wanafunzi wanne wa sekondari. Mwaka 2024 ilifanyika Alexandria, Misri, barani mwetu humu. Huko ni kwa mabingwa. Bebras ni kwa darasa zima, na yule anayekaa nyuma kabisa ana nafasi sawa na wa mbele.

Hapa Kenya, serikali ilianza kugawa tableti kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za umma mwaka 2016, na mwaka 2022 KICD ikaidhinisha mtaala wa kodingi kwa shule za msingi na sekondari. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Lakini naijua skuli moja ya huku kwetu ambapo tableti zimekaa kabatini ofisini, na ufunguo hajulikani anao nani. Nami mwenyewe nilipokuwa chuoni nikisomea diploma, somo la kompyuta lilikuwa kupiga chapa barua na kupanga jedwali. Hakuna aliyetuuliza swali la kufikiri.

Fumbo la namna hii halingoji ufunguo wa kabati, kwani karatasi na kalamu zatosha, na hata kete na mashimo ya mchangani. Lugha ndiyo yenye kazi. Maswali ya Bebras hutungwa na walimu wa nchi mbalimbali, wakakutana kila mwaka kuyachambua, kisha kila nchi ikachagua yake na kuyatafsiri. Mtoto wa Faza au Vanga akipewa fumbo kwa Kiingereza, dakika tatu zake zote zitaishia kwenye kuelewa maneno. Mpe lilelile kwa Kiswahili uone.

Mafumbo ya miaka iliyopita yapo mtandaoni bure. Mwalimu wa skuli au ustadhi wa madrasa anayetaka kujaribu achukue matatu, ayaandike ubaoni kwa Kiswahili siku ya Ijumaa kabla ya kufunga darasa, na majibu asiyatoe mpaka Jumatatu.