Kifahamu Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani 16 kutoka angani

Malori na mabasi yanayokwenda Tunduma hupita Mlowo na Vwawa kila siku, lakini abiria wengi hawajui kwamba kilomita chache tu kutoka barabara kuu kuna moja ya vimondo vikubwa zaidi duniani. Kipo kijiji cha Ndolezi, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Watu wa Dar au Arusha wakitaja vivutio huanza na wanyama. Songwe mwenyeji wa wageni ni jiwe la chuma.

Kimondo ni nini?

Ni kipande cha mwamba au chuma kinachotoka angani na kufika ardhini bila kuungua chote. Vingi huteketea hewani, ndiyo ule mwanga tunaouona usiku ukipita kwa sekunde chache. Vinavyofika chini mara nyingi ni vya mawe. Vya chuma ni vichache, na vikubwa kama hiki ni vichache zaidi.

Kimondo cha Mbozi kina urefu wa takriban mita 3 na kimo cha kama mita 1. Uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Ukikutana na tani 12 au 25 kwenye maandishi ya zamani usishangae, kwa sababu hesabu hizo zinatokana na vipimo vya umbo lake. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na zaidi ya asilimia 8 ni nikeli. Nikeli hiyo ndiyo inayokitofautisha na chuma kinachoyeyushwa kutoka kwenye udongo wa kawaida.

Kiligunduliwa lini?

Vitabu vingi vinataja mwaka 1930, pale mpimaji wa ardhi William Nott alipokiona na kutoa taarifa. Lakini ukweli ni kwamba wenyeji walikuwa wanakijua tangu zamani. Wanyiha wa eneo hilo walikuwa wahunzi hodari, wakiyeyusha chuma chao wenyewe kabla ya ukoloni. Kwa hiyo 1930 ni mwaka ambao habari zilitoka nje ya Mbozi, si mwaka ambao kimondo kilionekana kwa mara ya kwanza.

Kilianguka lini? Hakuna simulizi ya wazee inayoelezea siku hiyo, ingawa tukio kama hilo lingetisha watu wa mbali. Pia hakuna shimo kubwa la kishindo mahali kilipo, na udongo ulikuwa umekifunika kwa sehemu. Hayo yote yanaonyesha kwamba kilifika zamani sana, pengine maelfu ya miaka iliyopita.

Makovu ya msumeno

Ukikizunguka taratibu utaona sehemu zilizokatwa. Pengo moja ni la mraba. Hilo lilikatwa Desemba 1930 na Dkt. D. R. Grantham wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni. Kwa msumeno wa kawaida wa chuma, ilichukua saa 10 kupata kipande cha upana wa sentimita 10 hivi. Mapengo mengine kwenye ncha yaliachwa na watu waliotaka kumbukumbu ya kwenda nayo nyumbani.

Hapo ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Kipande kikishatoka hakirudi. Mwaka 1897 mpelelezi Robert Peary alichukua kimondo cha tani 31 huko Greenland na kukipeleka New York, ambako wenyeji walikuwa wametumia chuma cha vimondo kwa visu na ncha za mikuki. Kipo makumbusho ya huko hadi leo. Kwetu, mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ipo Berlin. Mtoto wa Lindi akitaka kuiona anahitaji viza.

Kimondo cha Mbozi kimebaki. Badala ya kukihamisha, udongo ulichimbwa kukizunguka, nguzo ya udongo ikaachwa chini yake, kisha ikaimarishwa kwa zege. Ndiyo maana leo kinaonekana kama kimekaa juu ya kiti, palepale kilipokutwa. Hoba cha Namibia, kikubwa kuliko vyote kwa tani zake kama 60, nacho kimeachwa mahali pake.

Unafikaje na utaona nini?

Kutoka Tunduma au Mbeya panda gari la barabara kuu na ushukie Mlowo au Vwawa, kisha uchukue bodaboda au gari la kukodi. Ukiwa na usafiri wako, fuata kibao cha njiapanda. Barabara ya ndani inapita kwenye mashamba ya kahawa na mahindi. Masika njia inaweza kuwa na tope, hivyo miezi ya Juni hadi Oktoba ni rahisi zaidi.

Eneo liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro (NCAA). Kuna kiingilio, na Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje. Muombe mhifadhi akutembeze, maana bila maelezo utaona chuma cheusi tu na kuondoka baada ya dakika tano.

Kiguse. Mchana wa jua kali kinakuwa cha moto, asubuhi ni baridi kama reli. Ukiwa na sumaku ndogo, itanasa. Usikigonge wala kukikwangua, hata kama aliyekutangulia alifanya hivyo.

Ukitaka kukuta watu wengi, nenda karibu na Juni 30, Siku ya Kimataifa ya Vimondo. Tarehe hiyo inakumbuka mlipuko wa Tunguska, Urusi, mwaka 1908.

Songwe ulitengwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na watu wengi bado wanaujua kwa mpaka wa Tunduma na foleni za malori. Kwa dereva anayesubiri makaratasi ya forodha siku mbili, au shule inayotafuta safari ya karibu, Ndolezi ni nusu siku tu kwenda na kurudi.