MIZANI YA MOYO: MAISHA NA IMANI ZA WAMISRI WA KALE



Ndugu msomaji, muulize mtoto yeyote wa madrasa kuhusu Misri ya kale, jibu la kwanza utakalolipata ni Firauni. Na ana haki, kwani Nabii Musa (A.S.) ndiye mtume aliyetajwa mara nyingi zaidi katika Qur'ani, na kila anapotajwa aghlabu Firauni hayuko mbali. Lakini je, wale wengine? Yule mchonga mawe, yule karani, yule mama wa nyumbani? Walikula nini, walilipwa nini, na walitarajia nini baada ya kufa? Hebu leo tuwaache wafalme kidogo tuwaangalie watu. Utashangaa jinsi mambo yao yanavyofanana na ya kwetu, na utaona pia wapi walipojikwaa.

Ardhi nyeusi na ardhi nyekundu

Misri ni jangwa lililopasuliwa katikati na mto. Wenyewe waliiita nchi yao Kemet, yaani ardhi nyeusi, kwa sababu ya udongo mweusi ulioachwa na mto Nile kila mwaka. Jangwa waliliita ardhi nyekundu. Maji ya Nile hutoka pia katika Ziwa Victoria tunalolijua sisi, lakini yale mafuriko makubwa yaliletwa na mvua za milima ya Ethiopia. Mto ulijaa kuanzia mwezi wa Juni, ukafunika mashamba, kisha ukashuka na kuacha rutuba. Hali hiyo iliendelea mpaka Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970.

Kwa hivyo mwaka wao ulikuwa na misimu mitatu: mafuriko, kupanda, na mavuno. Walikuwa na miezi 12 ya siku 30, na siku tano za nyongeza. Mto ukijaa vizuri watu walishiba. Mto ukikataa, ilikuwa njaa. Ukikijua hili, utaelewa kwa nini Nabii Yusuf (A.S.) alipewa usimamizi wa maghala. Mwenye ghala la nafaka ndiye aliyeshika roho za watu.

Chakula chao kikuu kilikuwa mkate, pamoja na pombe nyepesi ya shayiri, samaki, tende, adesi, vitunguu na saumu. Bani Israil walipokuwa jangwani na Nabii Musa walivikumbuka vyakula hivi wakavililia!

Neno Firauni

Jina hili linatokana na maneno ya Kimisri per-aa, maana yake nyumba kubwa, yaani kasri. Zamani lilikuwa jina la jumba tu. Baadaye sana, katika karne ya 15 na ya 14 kabla ya Miladi (K.M.), ndipo watu wakaanza kumwita mfalme mwenyewe hivyo. Tazama sasa: Qur'ani inamwita mtawala wa zama za Nabii Yusuf mfalme, na wa zama za Nabii Musa Firauni. Jina lake hasa haikulitaja.

Mfalme alihesabiwa kuwa na uungu ndani yake. Kazi yake kubwa ilikuwa kuilinda Maat. Neno hili lilikusanya haki, ukweli na utaratibu wa dunia. Maat alichorwa kama mwanamke mwenye unyoya kichwani. Uweke unyoya huo akilini, tutaurudia.

Kijiji cha wachonga makaburi

Tunayajuaje maisha ya watu wadogo? Nyumba zao zilikuwa za matofali ya udongo, nyingi zimeoza. Wamisri waliwajengea walio hai kwa udongo, na wafu na miungu yao kwa mawe. Lakini kuna kijiji kimoja kilichosalimika. Kinaitwa Deir el-Medina, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Luxor. Kilianzishwa mnamo mwaka 1500 K.M., kikawa na nyumba 70 hivi ndani ya ukuta wake. Hapo ndipo walipokaa mafundi waliochimba na kupamba makaburi ya wafalme.

Mafundi hawa hawakuwa watumwa. Wiki yao ilikuwa ya siku kumi. Walifanya kazi siku nane, wakilala kwenye vibanda huko mlimani, kisha wakarudi nyumbani kupumzika siku mbili. Pesa za sarafu hazikuwako, kwa hiyo mshahara ulikuwa nafaka. Fundi wa kawaida alipata zaidi ya lita 400 za ngano na shayiri kwa mwezi, na juu yake samaki, mboga, kuni na maji.

Wengi wao walijua kuandika, na waliandika kila kitu juu ya vigae na vipande vya mawe: madeni, barua, kesi, hata ugomvi wa punda. Kuna jiwe moja liko London katika jumba la makumbusho la British Museum. Ni daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa Ramses II, miaka zaidi ya 3,200 iliyopita. Karani ameandika nani hakuja kazini na kwa nini. Huyu anaumwa macho, yule ameumwa na nge, mwingine anamzika jamaa yake, mwingine eti anatengeneza pombe. Msimamizi wa leo akilisoma daftari hilo atacheka, kwani visingizio ni vile vile!

Siku mshahara ulipochelewa

Mnamo mwaka 1157 K.M., katika mwaka wa 29 wa Ramses III, nafaka haikufika. Siku zikapita, watoto wakalia njaa. Mafundi wakaweka zana chini, wakatoka kijijini, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Wakubwa walipokuja kuwabembeleza kwa ahadi, walijibu kwamba njaa na kiu ndivyo vilivyowaleta, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na mfalme apelekewe habari. Karani mmoja aitwaye Amennakht aliyaandika hayo kwenye karatasi ya mafunjo ambayo leo imehifadhiwa mjini Turin, Italia. Huo ndio mgomo wa wafanyakazi wa kwanza kuandikwa katika historia.

Walilipwa baada ya siku chache, kisha malipo yakachelewa tena, wakagoma tena. Na wakati huo huo, kuna waraka mwingine wenye urefu wa zaidi ya mita 40 unaoorodhesha dhahabu, ng'ombe, mashamba na watu ambao mfalme huyo huyo aliyapa mahekalu. Hekalu linajaa, na anayechimba kaburi la mfalme analala na njaa. Mlinzi wa Maat alikuwa wapi?

Mama Naunakhte na wanawe

Mwanamke wa Misri alikuwa na haki ya kumiliki mali, kwenda mahakamani na kurithisha. Katika kijiji hicho hicho aliishi mama mmoja aitwaye Naunakhte. Alilea watoto wanane na kuwaanzishia maisha kwa vyombo vya nyumbani. Alipozeeka, baadhi yao wakamsahau. Mnamo mwaka 1145 K.M. alikwenda mbele ya baraza la kijiji, akatoa wasia. Waliomshika mkono uzeeni wapate mali yake. Waliomtupa wasipate kitu katika mali iliyo yake. Na mtoto mmoja aliyemtendea wema zaidi akamwongezea bakuli la shaba.

Ndugu zangu, wasia huo una umri wa zaidi ya miaka 3,100 na bado unachoma. Tuko Ramadhani, futari imejaa mezani. Mama yako amefuturu na nani leo?

Kufa, na kupimwa

Sasa tuje kwenye imani. Wamisri waliabudu miungu mingi: Ra wa jua, Osiris wa wafu, Isis, Horus, Amun na wengineo. Waliamini kwamba roho inauhitaji mwili, ndiyo maana wakaukausha. Kazi ya kumwandaa maiti wa kitajiri ilichukua siku 70. Ubongo ulitolewa kupitia puani. Mapafu, ini, tumbo na matumbo yakawekwa mitungini. Mwili ukafunikwa kwa magadi mpaka ukakauka, kisha ukafungwa vitambaa. Kiungo kimoja tu waliacha makusudi kibaki mahali pake: moyo.

Kwa nini? Kwa sababu moyo ulikuwa shahidi. Waliamini kwamba maiti ataingizwa katika ukumbi wa hukumu mbele ya Osiris na mahakimu 42. Atakana makosa moja moja: hakuiba, hakuua, hakupunja vipimo, hakumliza mtu. Kisha moyo wake utawekwa kwenye mizani, na upande wa pili ule unyoya wa Maat. Ukilingana, ameokoka. Ukiwa mzito, yuko mnyama wa kutisha mwenye kichwa cha mamba anayeungoja aumeze.

Msomaji, hilo si jambo dogo. Watu hawa walijua kwamba matendo yatapimwa na kwamba viungo vya mtu vinaweza kumtolea ushahidi. Lakini angalia walichofanya baada ya kujua. Walitengeneza hirizi ya jiwe yenye umbo la dundu, wakaiweka kifuani mwa maiti, ikiwa na maneno ya kuuomba moyo usimshuhudilie mwenyewe vibaya! Makarani wakauza vitabu vya mafunjo vyenye majibu ya mahakama hiyo, vingine vikiwa vimeachwa nafasi tupu ya kujazwa jina la mnunuzi. Tajiri alizikwa pia na vinyago vidogo vya kumfanyia kazi akhera. Tutankhamun, kijana aliyekufa akiwa na miaka 19 hivi, alikuwa navyo zaidi ya 400.

Kwa ufupi, waliijua mizani, kisha wakatafuta njia ya kuihonga.

Wezi wa makaburi

Na dhahabu yote ile iliishia wapi? Mnamo mwaka 1110 K.M., zama za Ramses IX, alikamatwa mchonga mawe mmoja aitwaye Amenpanufer. Alikiri kwamba yeye na wenzake walitoboa kaburi la mfalme wa kale, wakawavua mfalme na malkia wake dhahabu, kisha wakachoma majeneza yao. Alisema pia kwamba alipokamatwa mara ya kwanza, alimpa karani wa eneo dhahabu ya fungu lake, kiasi cha kilo 1.8, akaachiliwa. Akarudi kwa wenzake, wakamfidia, wakaendelea kuiba. Kitu kidogo hakikuanza jana.

Makaburi karibu yote ya wafalme yaliibiwa hivyo. La Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, wezi wa kale walikuwa wameshaliingia, lakini vitu zaidi ya 5,000 vilikuwa vimebaki. Navyo vilikuwa pale pale alipoviacha. Hakuna hata kimoja alichokwenda nacho.

Tunajifunza nini?

Vijana wenzangu, ni rahisi kuwacheka watu hawa na hirizi zao. Lakini mwenye kufunga mwezi mzima huku mshahara wa kijana wake wa duka au msichana wake wa kazi haujalipwa, ana tofauti gani na yule mfalme aliyejaza mahekalu? Na anayedhani sadaka ya mwezi mmoja itanyamazisha dhulma ya miezi kumi na moja, je, naye hajaweka dundu la jiwe juu ya moyo wake?

Wafalme walijenga kwa mawe ili watajwe milele. Mama Naunakhte na wagomaji wa Deir el-Medina hawakuwa na uwezo huo, lakini dai lao la haki limetufikia. Kabla Idi haijaingia, kila mmoja wetu aulize nani anamdai: ujira, deni, au haki ya mzazi. Amlipe sasa, angali hai.

Allah atujaalie mizani zetu ziwe nzito kwa mema, azikubali saumu zetu, na awarehemu wazazi wetu. Amin.

Ramadhan Kareem.